Goti la Ndovu kwenye Gunia la Tumbusi

Watu wakisikia kwamba nimefanya kazi ya mifupa miaka zaidi ya ishirini, wananisogelea kwa tahadhari, kama vile nina harufu. Sina. Naoga kama nyinyi. Mimi ni fundi wa mifupa katika makumbusho. Mnyama akifa, sisi tunachukua mifupa yake, tunaisafisha, tunaiunga upya kwa waya na gundi, mnyama anasimama tena bila nyama, na watoto wa shule wanakuja kumkodolea macho. Ni kazi halali na naijua vizuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu huko mbele mtaanza kunitilia shaka.

Karakana yetu iko nyuma ya jengo, chumba kirefu chenye meza mbili, sinki mbili, na madirisha yasiyofunga sawasawa. Meza ya dirishani ni yangu. Ya pili ni ya mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, nimemtangulia miaka minne. Huo udogo ni wa kuzaliwa tu. Mlangoni anapita kwa ubavu, na kiti chake kimefungwa waya miguu yote minne. Wafanyakazi wote wanamwita Tani Sita. Mimi wananiita Sindano. Wengine wanasema ni kwa wembamba, wengine wanasema ni kwa mdomo, na sijawahi kuuliza, maana jibu nalijua.

Tani Sita ndiye aliyemsimamisha ndovu wa ukumbi mkubwa. Ni dume aliyekufa kwa uzee, magego yake ya mwisho yamelika hadi chini. Mdogo wangu anamfuta vumbi kila Jumatatu kwa brashi laini, mfupa kwa mfupa, huku anamsemesha. Ukimuuliza habari za watoto wake atakujibu, "Wazima." Ukimuuliza habari za ndovu, tafuta kiti.

Lakini ndovu huyo alikuwa na goti la mbao, na hapo ndipo kisa kilipo.

Miaka ishirini na miwili iliyopita tulitumwa kwenda kumchukua porini, mimi na mdogo wangu na vibarua wanane. Tulikuta tumbusi wamekwisha kula, wadudu wanamalizia. Nilikuwa mgeni kazini, bado niko kwenye majaribio, mjane mwenye watoto wawili wadogo, na kazi yenyewe alinitafutia huyo huyo mdogo wangu. Tuligawana mnyama: mimi miguu ya mbele, yeye miguu ya nyuma. Kila mfupa unapewa namba, unaingia guniani, gunia linafungwa. Siku ya mwisho mvua ilitukamata, tukafungasha mbio mbio, mtu hata jina lake halikumbuki.

Tulipofika na kufungua magunia, pia ya goti la nyuma la kulia haikuwemo. Pia ya goti ni ule mfupa wa mviringo unaokaa mbele ya goti. Wa ndovu unajaza viganja viwili. Bosi wa wakati ule, Mungu amrehemu, alituita ofisini wote wawili. Akauliza, "Mguu wa nyuma wa kulia alifungasha nani?"

Mdogo wangu akasema, "Mimi."

Akaandikiwa barua ya onyo. Cheo cha fundi mkuu, kilichokuwa kimeshafika mlangoni pake, kikapita kwa mtu mwingine na kukaa huko miaka sita. Naye akachonga goti la mbao, akalipaka rangi ya mfupa, akaliweka. Kazi safi, sikatai. Lakini mimi ni dada yake, na sikupewa mdomo wa kunywea chai tu. Miaka ishirini na miwili sikumwacha apumue. Akitafuta funguo zake: "Angalia gotini." Akinionyesha kosa kwenye waya wangu: "Haya, amesema Bwana Goti." Hata kwenye harusi ya binti yake, niliposimama kuwapa nasaha, nilimwambia bwana harusi amhesabie mkewe magoti kabla ya kuondoka naye, kwa maana ukoo huu una historia. Watu walivunjika mbavu. Mdogo wangu naye alicheka, huku anaangalia sahani yake.

Sasa tumbusi. Safari ile ile, hatua chache kutoka kwenye mbavu za ndovu, tulimkuta tumbusi mmoja amekufa, mkavu kama kuni. Nikamtia guniani naye, gunia likaingia kwenye sanduku, sanduku likaenda stoo. Nani ana shida na tumbusi wakati ana ndovu? Mwaka jana, nilipoona nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, nikalitoa sanduku. Kamba ya gunia ilikuwa imekakamaa, sikuhangaika nayo, nikalipasua gunia ubavuni kwa kisu, nikamtoa ndege wangu. Chini kulikuwa na donge la udongo mkavu lililogandamana na kitambaa. Nikaliweka mezani, nikalitumia kukandamizia karatasi zisipeperuke, maana madirisha yetu nimeshawaambia.

Mwaka mzima nilimuunga ndege yule. Mifupa yake ni mitupu ndani, ukiishika unashuku kama umeshika kitu. Mabawa yakinyooshwa yanapita urefu wangu, lakini ukimweka kwenye mzani, mzima mzima na kichwa chake, hafiki kilo moja. Nilimpenda. Nacheka ninaposema hivyo, lakini nilimpenda. Mara nyingi jioni wifi yangu alipiga simu kuuliza kama nakuja kula, nikamwambia subiri nimalize kidole kimoja, akasema wifi, wewe utaolewa na huyo ndege.

Nilitaka jambo moja tu kabla ya Ijumaa, siku yangu ya mwisho kazini. Tumbusi wangu atundikwe ukumbini, juu ya ndovu, mabawa wazi, kama walivyokuwa kule porini. Asipotundikwa nikiwepo, atarudi stoo, na stoo yetu kitu kikiingia hakitoki mpaka Kiama.

Mkurugenzi wetu ni msichana mdogo tu, mpole, anaogopa kutukosea adabu. Jumatatu nilimwita ukumbini, nikamwonyesha mahali.

"Mama, mimi sina neno," akasema. "Lakini ukumbi huu ni wa Fundi. Akikubali, tunatundika."

Fundi, yaani mdogo wangu, alikuwa chini ya ndovu na brashi yake. Akatoka, akajipangusa magoti, akasema, "Sikubali."

"Kwa nini hukubali?"

"Dada, huyu ni ndovu. Akikuta mifupa ya mwenzake njiani, anasimama. Anaigusa kwa mkonga, anakaa nayo, ndipo anapoondoka. Tumbusi akikuta mwenzako amekufa anafanya nini? Anatandika meza. Na wewe unataka nimweke huyo juu ya kichwa cha mzee wangu, amning'inie milele kama mdai?"

"Tumbusi ameua nani?" nikamuuliza. "Nitajie mmoja. Ndovu wako anang'oa mti mzima kwa ajili ya majani ya juu. Tumbusi hajavunja hata kijiti. Anangoja. Kilichooza anakila yeye ili wewe usiugue. Na upara ule si ubaya, ni usafi, anaingiza kichwa ndani na kukitoa bila kuchafua manyoya. Akili ni nywele, wanasema. Basi huyu alizinyoa makusudi."

Mkurugenzi akacheka. Mdogo wangu hakucheka.

"Mmoja tani sita, mwingine kilo saba akiwa hai na ameshiba," akasema. "Utawalinganisha vipi?"

"Yule wa tani sita alikufa, wa kilo saba akamla. Nimeshalinganisha."

"Watoto wataogopa."

"Watoto wanakuona wewe kila siku, hawajaogopa."

Hata hapo ningeweza kumbembeleza. Mdogo wangu anabembelezeka, ukimpa chai na nusu saa. Lakini hasira zilishanipanda, na mimi nikipandwa na hasira ulimi unatangulia, akili inafuata kwa miguu. Nikamgeukia mkurugenzi.

"Bosi, unamsikiliza huyu? Mtu aliyepewa ndovu mzima akapoteza goti? Barua yake ya onyo iko kwenye faili, nenda kaisome. Huyo ndiye wa kuamua nani anafaa kukaa kwenye ukumbi huu?"

Mkurugenzi aliangalia viatu vyake. Mdogo wangu aliweka brashi mfukoni, akasema taratibu, "Haya, Dada," akaenda zake, kiatu kimoja kinalia kila hatua.

"Basi, Mama," mkurugenzi akasema, "nadhani Alhamisi tutatundika."

Nilishinda. Nilirudi karakana kifua mbele. Jioni wifi hakupiga simu kuniita kula, nikajiambia labda simu yake haina chaji.

Jumanne asubuhi nilikuwa namalizia. Lilibaki bawa la kushoto, kiungo kimoja kilichoachia, nikakitia gundi, nikatafuta kitu cha kukandamizia mpaka ishike. Nikachukua lile donge langu la udongo. Upepo ukapiga dirisha, nikashtuka, donge likateleza, likaanguka sakafuni, pu! Udongo ukapasuka vipande viwili, kama ganda la yai.

Ndani yake kulikuwa na mfupa.

Nilijua kabla sijainama. Mtu wa kazi yangu haulizi. Wa mviringo, mzito, upande mmoja laini unakotelezea kwenye paja. Nikaupeleka kwenye sinki, nikauosha kwa mswaki. Pembeni ikatokea namba kwa wino, na mwandiko wa namba ulikuwa wangu.

Toba! Goti la ndovu. Mwaka mzima nimekandamizia karatasi goti la ndovu. Fundi wa mifupa, mwenye mdomo wake, anamcheka mwenzake kwa kupoteza mfupa ambao ameuwekea kikombe cha chai pembeni. Nyani haoni kundule, walisema wa kale, na mimi nilikuwa nimelikalia kundu lenyewe.

Nikalitoa gunia la tumbusi kwenye sanduku, lile nililolipasua ubavuni. Mdomo wake ulikuwa bado umefungwa, kamba na fundo vilevile. Sikulitazama sana fundo. Nilikuwa nafikiri jambo jingine, na sitawaficha. Nilifikiri: hakuna aliyeona. Kuna stoo pale, ina giza na masanduku mia tatu. Nikilitupa goti hili huko, Alhamisi ndege wangu anapaa, Ijumaa napewa maua, naondoka na kicheko changu. Nikilipeleka ukumbini, nitakuwa nimekosa silaha pekee niliyoshindia, na tumbusi anarudi sandukuni.

Nikakaa nalo mapajani muda mrefu. Gundi ikakauka. Kisha nikakumbuka ile harusi, watu wote wanacheka, na mdogo wangu anaangalia sahani. Nikasimama. Nililifunga goti kwenye kitambaa, nikachukua na gunia, nikaenda.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya ndovu, anakula mkate wake peke yake. Hakuniangalia. Nikamwekea furushi mapajani.

"Nini hiki?"

"Fungua."

Akafungua. Mkate ukaanguka, hakuuokota. Aliligeuza lile goti mara moja, mara mbili, akalipapasa kwa kidole gumba pale kwenye namba. Midomo ilimcheza. Mtu mkubwa namna ile.

"Lilikuwa wapi?"

"Kwenye gunia la tumbusi. Ndani ya udongo. Nimelitumia mwaka mzima kama jiwe, mdogo wangu, nikatie ulimi ukitaka. Lakini sielewi. Miguu ya nyuma si ulifungasha wewe? Limefikaje kwenye gunia langu, tena na mwandiko wangu?"

Akavuta gunia. Akalitazama fundo la kamba, akaanza kucheka polepole, tumbo likatangulia kutikisika.

"Dada, nani anafunga hivi? Kamba mara mbili, kisha ncha inachomekwa ndani kama mtoto anayelazwa? Tangu tukiwa wadogo, furushi la nguo, mfuko wa chumvi, gunia la mkaa, fundo hili ni lako. Mama alikuwa halifungui mpaka akuite."

"Najua ni langu. Ndege nilimfunga mimi."

"Na gunia la mguu wa nyuma wa kulia nalo lilikuwa na fundo hili." Alisema hivyo kama mtu anayetaja saa. "Siku ile ya mvua ulikuwa na homa. Unatetemeka, meno yanagongana, hutaki kulala kwa sababu uko kwenye majaribio, usije ukaonekana mvivu. Mimi nilikuwa nabeba. Uliniambia umemaliza mguu wa mbele. Kumbe ulikuwa unafungasha wa nyuma. Sasa naona goti ulilitia kwenye gunia jingine, kisha ukamtupia ndege juu yake."

Nikalivuta gunia kwake, nikalitazama fundo mwenyewe.

"Ulijua? Siku tulipofungua magunia, ulijua?"

"Nililiona fundo kabla bosi hajaliona gunia."

"Na ukasema ni wewe."

"Ungefukuzwa siku ile ile, Dada. Una watoto wawili, shemeji hata arobaini haijapita. Mimi wasingenifukuza. Nani mwingine angebeba fupa la paja?"

"Miaka ishirini na miwili!" Nilikuwa nalia sasa, kwa sauti, mchana kweupe, ukumbini. "Nimekudonoa miaka ishirini na miwili! Mpaka harusini! Kwa nini hukusema hata siku moja? Nilishathibitishwa kazini, nilishapanda cheo, kwa nini hukusema?"

Akafikiri. Yeye akifikiri ni shughuli, unaona mpaka masikio yanashiriki.

"Mwanzo niliogopa utaacha kazi kwa aibu," akasema. "Baadaye... baada ya msiba ulikuwa hucheki kabisa. Kitu cha kwanza kilichokuchekesha ni goti langu. Nikasema haya, acha acheke. Ila jana uliniumiza."

"Najua. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa nishikie taa."

Tulikitoa kipande cha mbao pamoja, yeye amelala chali chini ya ndovu, mimi namshikia taa na kujifuta pua kwa kitambaa cha goti. Mfupa wenyewe uliingia bila hata kusukumwa, kama mtu aliyerudi kwenye kiti chake. Mdogo wangu alibaki amelala pale, kiganja juu ya goti, hasemi kitu, na mimi sikusema kitu, na wanaotufahamu watawaambia hiyo haijawahi kutokea.

"Ndege nitamrudisha sandukuni," nikasema mwishowe.

"Nani kakwambia?" Akajiinua kwa shida, nikamvuta mkono, karibu aniangushe. "Miaka yote hii amemtunzia mzee goti lake. Huyo si mgeni tena. Lakini juu ya kichwa, hapana. Mtundike upande huu, anaangalia goti. Tujue anachokilinda."

Nikasema upande huo mwanga ni mbaya. Akasema mwanga ni mzuri. Nikasema wewe unajua nini kuhusu mwanga, kisha nikaufunga mdomo wangu mwenyewe, na mwanga ulikuwa mzuri kweli.

Alhamisi tulimtundika kwa nyaya mbili nyembamba. Mdogo wangu alipanda ngazi mwenyewe, tukaishikilia ngazi watu watano. Hakutaka fundi mwingine ashike ndege yule. Nilimwona jinsi alivyombeba, mikono mikubwa ile, kana kwamba kabeba pumzi.

Ijumaa wakanifanyia hafla ukumbini, hapo hapo chini ya ndovu. Wifi alikuja na keki, akanikumbatia mpaka nikasahau nilikuwa namwogopa. Mkurugenzi alihutubia, kisha akasema, "Na wote mmesikia kwamba goti la ndovu limepatikana! Fundi, tueleze, lilipoteaje?"

Watu wakageuka kumwangalia mdogo wangu, wameshaweka vicheko tayari. Miaka mingi nimewafundisha mimi mwenyewe kucheka mahali hapo.

"Ndege ndiye aliyeliiba," akasema Tani Sita, uso mkavu kabisa, akionyesha juu kwa kidole. "Tulimkuta nalo guniani. Si mnamjua tumbusi?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Akanitazama upande, akanikonyeza kidogo, kwamba yamekwisha, Dada, nenda salama.

"Anadanganya," nikasema.

Hawakusikia. Nikapanda kwenye kile kigoda chake.

"Jamani, anadanganya! Goti nililipoteza mimi. Nililifunga kwa mikono hii kwenye gunia la ndege, na huyu mdogo wangu alijua siku ile ile, akasema ni yeye, akaandikiwa barua, akakosa cheo, ili mimi nipate kulisha wanangu. Na mimi nikamcheka mpaka leo. Bosi, ile barua itoe kwenye faili lake uitie kwenye langu. Nastaafu, haitaniuma."

Hapakuwa na aliyecheka. Wifi yangu aliweka kisu cha keki chini. Alikuwa hajui hata yeye. Mdogo wangu alikuwa mwekundu macho, anatafuta brashi mfukoni apate la kufanya na mikono.

"Sasa umeharibu," akaniambia kwa sauti ya chini niliposhuka. "Jumatatu nani atanitania?"

"Nitakupigia simu," nikasema.

Goti la mbao nimelichukua mimi. Liko nyumbani kwangu, dirishani, linazuia pazia lisipeperuke. Jumatatu saa mbili asubuhi nilipiga simu karakana, akapokea, nikamuuliza kama mzee ana magoti yote. Akasema subiri nihesabu, akaiweka simu mezani, nikasikia kiatu chake kinalia mpaka ukumbini na kurudi.

"Yote manne," akasema. "Na ndege anakusalimu."